Kadiri, Kauli na Kipimo: Uchunguzi wa Maoni ya Wachezaji kuhusu Super Mario Land

1.0 Utangulizi

Mchezaji anaposema kwamba mchezo fulani wa video ni mfupi, kauli yake huonekana kuwa ni maelezo kuhusu mchezo huo. Kisarufi, kiima cha sentensi ni mchezo, na kivumishi kinapatana na kiima hicho. Kisemantiki, hata hivyo, kauli hiyo haijakamilika. Haisemi mchezo huo ni mfupi kuliko nini, kwa mchezaji yupi, wala kwa haja ipi. Msikilizaji hulazimika kuyajaza mapengo hayo mwenyewe, na mara nyingi huyajaza kwa namna ambayo msemaji hakuikusudia.

Makala haya yanachunguza tatizo hilo kwa kuangalia maoni ya wachezaji kuhusu Super Mario Land, mchezo uliotolewa na kampuni ya Nintendo nchini Japani tarehe 21 Aprili 1989, pamoja na mashine ya kiganjani iitwayo Game Boy. Mchezo huo umechaguliwa kwa sababu tatu. Kwanza, ulichezwa na watu wengi: nakala zaidi ya milioni 18 ziliuzwa duniani. Pili, maoni juu yake yamegawanyika kwa namna ya pekee, kwa kuwa sifa ileile ambayo mchezaji mmoja huilaumu ndiyo ambayo mwingine huisifu. Tatu, mchezo wenyewe haukubadilika tangu ulipotolewa, lakini wachezaji, mashine na michezo inayoulinganishiwa imebadilika sana. Kwa hiyo tofauti ya maoni baina ya vizazi haiwezi kuelezwa kwa kusema kwamba mchezo umebadilika. Maelezo yake hayana budi kutafutwa mahali pengine.

Hoja kuu ya makala haya ni kwamba maoni ya mchezaji ni kauli ya uhusiano wenye ncha tatu: mchezo, mchezaji, na kipimo. Ncha ya tatu ndiyo inayofichwa zaidi na lugha, na ndiyo inayosababisha mabishano mengi yasiyokwisha. Aidha, inadaiwa hapa kwamba sarufi ya Kiswahili ina nyenzo za kutosha za kuifichua ncha hiyo, na kwamba upungufu unaosemwa mara kwa mara kuhusu uwezo wa lugha hii kujadili mambo ya aina hii ni upungufu wa istilahi chache tu, si wa lugha yenyewe.

Mifano inayotolewa katika makala haya imeundwa ili iwakilishe aina za kauli zinazojitokeza mara kwa mara miongoni mwa wachezaji. Si nukuu za watu mahususi.

2.0 Mchezo Wenyewe na Mazingira ya Kutengenezwa Kwake

Super Mario Land ni mchezo wa kuruka majukwaa. Katika michezo ya aina hii mhusika huonekana kwa ubavu. Hukimbia kutoka kushoto kwenda kulia, huruka mashimo, hupanda majukwaa na huwakanyaga au kuwakwepa maadui, huku mandhari ikisogea kadiri anavyosonga mbele. Mhusika mkuu ni Mario, ambaye wachezaji walikuwa wamekwisha kumzoea kupitia Super Mario Bros. wa mwaka 1985, uliochezwa kwa mashine ya nyumbani iliyounganishwa na televisheni.

Mchezo huu una falme nne za nchi ya kubuni iitwayo Sarasaland, nazo ni Birabuto, Muda, Easton na Chai. Kila ufalme una hatua tatu, hivyo jumla ni hatua 12. Lengo ni kumwokoa Binti Mfalme Daisy, anayejitokeza kwa mara ya kwanza katika mchezo huu, kutoka mikononi mwa adui aitwaye Tatanga. Katika hatua mbili kati ya hizo 12 mchezo hubadilika kabisa: Mario haruki tena, bali huendesha nyambizi katika moja na ndege katika nyingine, akipiga risasi huku mandhari ikisogea yenyewe.

Msimamizi wa utengenezaji alikuwa Gunpei Yokoi (1941–1997), na mwongozaji alikuwa Satoru Okada. Muziki ulitungwa na Hirokazu Tanaka. Shigeru Miyamoto, aliyembuni Mario, hakushiriki. Jambo hili litakuwa na uzito katika sehemu ya 5.0.

Falsafa ya Yokoi ya utengenezaji inajulikana: kuchukua teknolojia iliyokwisha kuzoeleka na kushuka bei, kisha kuitafutia matumizi mapya. Game Boy ilikuwa zao la falsafa hiyo. Kioo chake kilikuwa na nukta 160 kwa 144, yaani nukta 23,040 kwa jumla, na vivuli vinne tu vya rangi moja. Mashine ya nyumbani iliyotangulia, Famicom, ilikuwa na nukta 256 kwa 240, yaani 61,440. Hivyo mtengenezaji wa Super Mario Land alikuwa na eneo la kuchorea lililozidi kidogo tu theluthi moja ya lile alilokuwa nalo mwenzake wa televisheni. Kioo hakikuwa na taa ya ndani, na kitu kilichokwenda kasi kiliacha ukungu nyuma yake. Mashine iliendeshwa kwa betri nne ndogo. Katriji ya mchezo ilikuwa na kilobaiti 64, wala haikuwa na uwezo wa kuhifadhi mahali mchezaji alipofikia. Aliyezima mashine alianza upya.

Mambo haya ya kiufundi yameelezwa kwa kirefu kwa sababu kila moja limezaa angalau aina moja ya maoni.

3.0 Vivumishi vya Kadiri

Wanaisimu hutofautisha vivumishi vinavyotaja sifa isiyo na ngazi na vile vinavyotaja sifa yenye ngazi. Jambo ama ni la kwanza ama si la kwanza. Hakuna kitu kilicho cha kwanza zaidi. Kwa upande mwingine, -refu, -fupi, -kubwa, -dogo, -gumu na rahisi ni vivumishi vya kadiri. Edward Sapir, katika makala yake ya mwaka 1944 kuhusu suala hili, alionyesha kwamba upangaji wa vitu kwa ngazi hutangulia upimaji kwa namba: binadamu huona kwanza kwamba hiki kimezidi kile, kisha ndipo huhesabu. Maneno kama -kubwa na -dogo hubeba ulinganishi ndani yake hata pale ambapo hakuna kinacholinganishwa kwa kutajwa.

Kiswahili hakina umbo la kivumishi la ulinganishi. Hutumia neno kuliko, au vitenzi kushinda, kuzidi na kupita. Kwa sababu hiyo, kipimo kikitajwa hutajwa waziwazi, na kisipotajwa hutoweka kabisa. Linganisha:

(1) a. Super Mario Land ni mfupi.
    b. Super Mario Land ni mfupi kuliko Super Mario Bros.
    c. Super Mario Land ni mfupi kupita kiasi.

Sentensi (1b) inathibitika kwa kuhesabu: mchezo mmoja una hatua 12 na mwingine una hatua 32. Sentensi (1a) haithibitiki wala haikanushiki mpaka kipimo kijulikane. Sentensi (1c) ndiyo inayovutia zaidi. Nomino kiasi inadai kwamba kuna kiwango kinachofaa, na kitenzi kupita kinadai kwamba kiwango hicho kimevukwa, lakini kiwango chenyewe hakitajwi. Msemaji anaishitaki kazi ya mtu kwa sheria ambayo hakuisoma mahakamani.

3.1 Ufupi

Lawama iliyo maarufu kuliko zote juu ya mchezo huu ni kwamba ni mfupi. Mchezaji mzoefu huumaliza katika muda usiofika saa moja. Kipimo kinachotumika hapa kwa kawaida ni michezo ya nyumbani, na kwa kipimo hicho lawama ni ya haki.

Hata hivyo, mchezo huu ulitengenezwa uchezwe garini, kitandani au wakati wa mapumziko ya shule, kwa mashine isiyohifadhi hatua iliyofikiwa. Kipimo kikiwa ni kikao kimoja, hatua 12 mfululizo bila kupumzika si chache. Mchezaji aliyelazimika kuzima mashine katika ufalme wa tatu alipoteza yote aliyoyapata. Kwa mchezaji huyo, ufupi wa mchezo ndio uliomwezesha kuufikia mwisho. Hivyo basi (2a) na (2b) hazipingani, ingawa zinasikika kama zinapingana:

(2) a. Mchezo ni mfupi, mtu haridhiki.
    b. Mchezo ni mfupi. Mtu huumaliza safarini.

Zaidi ya hayo, anayeumaliza mchezo mara ya kwanza huruhusiwa kuurudia ukiwa na maadui wengi zaidi. Wako wanaouhesabu mzunguko huo wa pili kuwa sehemu ya mchezo, na wako wasiouhesabu. Swali la kama mchezo ni mfupi limejificha ndani ya swali jingine: mchezo unakwisha wapi?

3.2 Urahisi

Kuhusu urahisi, maoni yanafuata njia ileile. Wachezaji wengi huona kwamba falme za mwanzo ni rahisi na kwamba ugumu hujitokeza katika ufalme wa mwisho. Lakini kivumishi rahisi kina ncha moja zaidi kuliko -fupi. Ufupi unaweza kupimwa bila kumtaja mchezaji, kwa kuhesabu hatua. Urahisi hauwezi. Hakuna jambo lililo rahisi pasipo mtu ambaye kwake ni rahisi, na ndiyo maana Kiswahili hukubali nomino ya mtu baada ya kivumishi hiki kwa kutumia kihusishi kwa: ni rahisi kwa mtoto, ni rahisi kwa aliyezoea.

Msemaji anapoliacha kundi hilo la maneno, huwa amejifanya yeye mwenyewe kuwa kipimo cha watu wote. Mtu aliyemaliza Super Mario Bros. mara kumi na mtoto aliyeshika Game Boy kwa mara ya kwanza mwaka 1989 wanaweza kutoa maoni yanayopingana juu ya shimo lilelile, na wote wakawa wakweli.

3.3 Udogo

Wahusika katika mchezo huu wamechorwa wadogo sana. Mario na maadui zake ni nukta chache tu juu ya kioo ambacho chenyewe ni kidogo. Wako wanaolalamika kwamba picha hazina sura, na kwamba Mario amekuwa kijitu tu. Kiambishi ki- pamoja na -ji- katika neno hilo hakitaji ukubwa peke yake. Hubeba dharau, na wakati mwingine mapenzi. Mchezaji mwingine hulitumia neno hilohilo kwa huba, kwa jinsi kijitu hicho kinavyokimbia mbiombio katika jangwa la Birabuto.

Udogo huu haukuwa na hasara tupu. Kioo kilipokuwa na nukta 160 tu kwa upana, mhusika mdogo alimwachia mchezaji nafasi ya kuona kinachokuja mbele yake. Jambo hilo lilidhihirika mwaka 1992 ulipotolewa mchezo uliofuata, Super Mario Land 2: 6 Golden Coins. Katriji yake ilikuwa na kilobaiti 512, mara nane ya ule wa kwanza. Mario alichorwa mkubwa, mandhari yalikuwa na maelezo mengi, na mchezaji aliweza kuhifadhi alipofikia. Wengi walifurahi. Lakini mhusika akiwa mkubwa na kioo kikiwa kilekile, sehemu ya njia inayoonekana mbele hupungua. Kwa kipimo cha uzuri wa picha mchezo wa pili ulishinda. Kwa kipimo cha upeo wa macho, ule wa kwanza ulikuwa na lake la kujitetea.

4.0 Kauli za Vitenzi na Mahali pa Mchezaji

Maoni mengi hayatolewi kwa vivumishi bali kwa vitenzi. Hapa mnyambuliko wa vitenzi vya Kiswahili humsaidia mchambuzi kuliko lugha nyingi, kwa sababu kila kauli humweka mchezaji mahali tofauti. Zitazame sentensi zifuatazo:

(3) a. Mchezo huu unapendwa.
    b. Mchezo huu unapendeza.
    c. Mchezo huu unachezeka.

Sentensi (3a), iliyo katika kauli ya kutendwa, ni taarifa kuhusu watu. Ushahidi wake ni watu: nakala milioni 18 zilizouzwa zinaweza kuletwa mbele kuitetea. Sentensi (3b) ni dai kuhusu mchezo: una kitu ndani yake kinachomfanya mtu aupende. Mtu anaweza kukubali (3a) na kuikataa (3b), kama wafanyavyo wale wanaosema kwamba mchezo huu uliuzwa sana kwa sababu ulitoka siku moja na mashine, si kwa sababu ni mzuri. Mabishano ya namna hiyo hukwisha upesi mara inapotambuliwa kwamba mmoja anazungumzia kupendwa na mwingine kupendeza.

Sentensi (3c), katika kauli ya kutendeka, ina thamani ya pekee. Haisemi kwamba mchezo ni mzuri, bali kwamba una tabia ya kukubali kuchezwa: vidole vikiamuru, Mario hutii. Dhana hii ni ya msingi katika tathmini ya michezo yote ya video, na mara nyingine hudaiwa kwamba Kiswahili hakina neno lake. Kiswahili kina zaidi ya neno. Kina kanuni ya kuliunda. Vivyo hivyo husemwa mchezo unakamilika, ngome inapitika, adui anakwepeka, shimo linarukika. Na mchezo ukilaumiwa, lawama hupata umbo lake: shimo halirukiki.

Ni katika kauli hii ndipo maoni kuhusu mwendo wa Mario yanapopata mahali pake. Wachezaji waliozoea michezo ya televisheni huona kwamba Mario wa Game Boy ana mwendo mkavu: huanguka upesi, na hana ule utelezi aliokuwa nao hapo awali. Lawama hii si ya picha wala ya urefu. Ni ya kuchezeka. Wanaoutetea mchezo hujibu kwamba mwendo huo hujifunzika, na kwamba aliyeuzoea huruka kwa uhakika. Jibu lao pia liko katika kauli ya kutendeka. Huu ni mfano wa mabishano yenye tija, kwa sababu pande zote mbili zinatumia kipimo kimoja.

Kauli ya kutendesha, kwa upande wake, humweka mchezaji wazi au humficha kulingana na kiambishi cha mtendwa:

(4) a. Mchezo huu ulinichosha.
    b. Mchezo huu humchosha mtu.
    c. Mchezo huu unachosha.

Kutoka (4a) hadi (4c) msemaji anahama kutoka ushuhuda hadi hukumu. Katika (4a) anatoa habari zake binafsi, na hakuna awezaye kumpinga. Katika (4b) anadai kwamba yaliyomfika yeye yangemfika yeyote. Katika (4c) aliyechoshwa ametoweka kabisa, na uchoshi umekuwa mali ya mchezo. Ukiacha mabadiliko ya njeo, tofauti ya umbo baina ya (4a) na (4c) ni silabi moja tu, ile -ni- iliyodondoshwa, lakini tofauti ya dai ni kubwa. Msomaji wa maoni ya wachezaji angefanya vyema kukirudisha kiambishi hicho kila anapokikosa, kisha aulize: umemchosha nani?

5.0 Ugeni na Kipimo cha Ukoo

Kundi jingine kubwa la maoni linahusu ugeni wa mchezo huu. Wachezaji wengi husema kwamba si Mario halisi. Ushahidi wanaoutoa ni wa kweli. Katika michezo iliyotangulia, kobe aliyekanyagwa aliacha gamba ambalo Mario aliweza kulipiga teke likawaangusha maadui. Katika mchezo huu gamba hulipuka kama bomu muda mfupi baada ya kukanyagwa. Ua lililompa Mario uwezo wa kurusha moto sasa humpa mpira unaodunda pembe kwa pembe, ambao pia huweza kumkusanyia sarafu. Maisha ya ziada hupatikana kwa moyo badala ya uyoga. Binti mfalme ni mwingine, adui mkuu ni mwingine, nchi ni nyingine. Sanamu za mawe za Kisiwa cha Easter zimekuwa maadui katika ufalme wa Easton, na maiti wanaorukaruka wa hadithi za Kichina wanamkabili Mario katika ufalme wa Chai.

Neno halisi ni kivumishi cha aina tofauti na vile vya sehemu ya 3.0. Hakipimi ngazi, bali kinauliza ukoo. Kinadai kwamba kuna mfano asilia, na kwamba chochote kisichofanana nao ni cha kando. Wanaokitumia mara nyingi hutaja kutokuwapo kwa Miyamoto kana kwamba ni cheti cha kuzaliwa kilichopotea. Lakini mfano asilia wenyewe haukuwa umetulia mwaka 1989. Michezo ya Mario iliyokwisha kutolewa hadi wakati huo ilitofautiana sana. Umbo ambalo leo huitwa halisi lilikamilishwa na michezo iliyokuja baadaye, ukiwamo Super Mario World wa mwaka 1990. Kuuhukumu mchezo wa 1989 kwa kipimo kilichokamilika baada yake ni kumlaumu mzee kwa kutofanana na wajukuu.

Wako pia wanaousifu mchezo huu kwa ugeni huohuo. Kwao hatua za nyambizi na ndege ni kiburudisho. Muziki wa Tanaka ndio unaopata sifa za watu wengi zaidi, hata miongoni mwa wanaoyalaumu mengine yote. Ulipendwa kiasi kwamba mwaka 1992 wimbo wa kucheza dansi uliojengwa juu yake uliingia katika nyimbo kumi za juu nchini Uingereza. Na Mario anapopata nyota ya kumkinga dhidi ya maadui, husikika muziki wa dansi wa Jacques Offenbach kutoka kazi yake ya mwaka 1858, ambao wengi waliusikia hapo kwa mara ya kwanza bila kujua ulikotoka.

Ugeni una sura nyingine kwa msomaji wa Kiswahili. Majina mawili kati ya manne ya falme hizo ni maneno ya Kiswahili kwa sadfa tupu. Ufalme wa Chai humchekesha anayeuwaza kuwa ni ufalme wa kinywaji. Lakini mandhari yake ni ya Kichina, na neno chai lenyewe lilifika katika Kiswahili kwa njia ndefu ya biashara iliyoanzia China. Kicheko kinamrudisha msomaji palepale mtengenezaji alipokusudia. Ufalme wa Muda una tatizo zaidi, kwa sababu wa muda kwa Kiswahili humaanisha usiodumu. Mfasiri asiyekuwa mwangalifu atamfanya msomaji adhani kwamba mfalme wake ni wa kukaimu. Katika hali kama hii ni afadhali kuandika ufalme uitwao Muda. Mfano huu ni mdogo, lakini unaonyesha kwamba hata kipimo cha ugeni hutegemea lugha ambayo mchezaji anaingia nayo mchezoni.

6.0 Kipimo Kinapobadilika

Mwaka 2011 Nintendo iliutoa tena mchezo huu kwa mashine ya Nintendo 3DS. Mchezo ulikuwa uleule, hatua 12 zilezile na nukta zilezile, isipokuwa mazingira yake. Kioo sasa kilikuwa na taa. Mchezaji aliweza kusimama popote na kuhifadhi mahali alipofikia.

Badiliko hili linatoa jaribio zuri la hoja ya makala haya. Ikiwa ufupi na urahisi vingekuwa sifa za mchezo peke yake, visingeongezeka bila mchezo kubadilika. Lakini viliongezeka. Aliyeweza kuhifadhi alipofikia hakuhitaji tena kikao kimoja, na kwa hiyo utetezi wa kikao kimoja uliotajwa katika 3.1 haukuwa na nguvu kwake. Aliyeweza kurudi nyuma ya kosa lake bila kuanza upya aliuona ufalme wa mwisho kuwa mwepesi kuliko alivyouona kaka yake mwaka 1989. Wakati huohuo lawama ya ukungu wa kioo ilitoweka kabisa, kwa sababu haikuwa lawama ya mchezo tangu mwanzo. Ilikuwa lawama ya mashine iliyovaa jina la mchezo.

Badiliko la pili ni la wachezaji. Wengi waliouchambua mchezo huu baada ya mwaka 2000 waliuchezea utotoni. Maoni yao huchanganya vipimo viwili ndani ya sentensi moja: ni mfupi, lakini ninaupenda. Kiunganishi lakini katika sentensi kama hiyo hakiunganishi sifa mbili za mchezo. Kinaunganisha wachezaji wawili, yaani mtu mzima anayepima na mtoto anayekumbuka. Wachambuzi wengine huidharau kauli ya namna hiyo kuwa ni ya hisia. Kwa mtazamo wa kiisimu, huenda ndiyo kauli iliyo nyoofu kuliko zote, kwa kuwa haikificha kiambishi ni.

7.0 Hitimisho

Imeonyeshwa kwamba maoni ya wachezaji kuhusu Super Mario Land hayapingani kwa kiasi yanavyoonekana kupingana. Yanatumia vipimo tofauti: michezo ya televisheni, kikao kimoja cha safarini, mchezo wa mwaka 1992, ukoo wa Mario, au kumbukumbu ya utotoni. Kivumishi cha kadiri hukificha kipimo, kauli ya kutendesha isiyo na mtendwa humficha mchezaji, na neno halisi hukificha kielelezo kilichochaguliwa baadaye.

Jambo hili lina uzito nje ya mchezo mmoja. Mwalimu anayewapa wanafunzi maoni ya aina hii kama matini ya kuchambua hana budi kuwafundisha kuuliza maswali matatu kabla ya kukubali au kukataa: kuliko nini, kwa nani, na kwa haja ipi? Mfasiri anayeyaleta katika Kiswahili hana budi kuamua kama atakiacha kipimo kikiwa kimefichwa au atakifichua kwa kuliko na kwa. Kukifichua ni kuongeza maneno ambayo mwandishi hakuyaandika. Kukificha ni kumwachia msomaji hukumu isiyo na sheria. Uamuzi huo haukwepeki.

Mwisho, iko haki ya waliofanya kazi. Mwaka 1989 watu wachache mjini Kyoto walipewa kilobaiti 64, vivuli vinne na kioo kisichojaa kiganja, wakaambiwa wamwingize humo mhusika aliyekwisha kuzoea nafasi zaidi ya mara mbili na nusu ya hiyo. Anayesema kwamba walichokitengeneza ni kidogo anasema kweli. Anayesema kwamba walitengeneza kikubwa kwa kidogo walichopewa naye anasema kweli. Lugha inayoweza kuzitofautisha kweli hizo mbili, na ikampa kila msemaji kipimo chake, ina uwezo wa kujadili mchezo wowote.